Ratili Tatu za Bronek Kurzawa

Linnet lilizaliwa kwa kukatwa. Juni 1968, katika chumba cha wafinyanzi cha kampuni ya magari ya Pomeroy, jijini Detroit, walichukua sanamu ya udongo ya gari kubwa la familia, sanamu yenye ukubwa wa gari lenyewe, wakaikata nyuma ya mlango kama mtu akatavyo mche wa sabuni. Kipande walichokitoa kilikuwa na urefu wa mikono miwili. Kisha wakasogeza makalio ya gari mbele, wakayabandika, wakarudi nyuma hatua kumi kutazama. Mmoja akasema linafanana na kuku aliyekalia mkia wake. Mkurugenzi hakucheka. Alisema Wajerumani na Wajapani wanauza magari madogo Amerika kama maandazi ya asubuhi, na Pomeroy itakuwa na la kwake. Akalipa jina la ndege mdogo, Linnet, na akalipa masharti mawili: miezi ishirini na saba kutoka udongo hadi dukani, na uzito usiozidi ratili elfu mbili na hamsini.

Gari huchukua miaka minne kutengenezwa. Hilo kila mtu Detroit alilijua, hata wauza magazeti. Miezi ishirini na saba maana yake ni kwamba kalibu za kufyatulia bati zitachongwa wakati michoro haijakauka wino, na atakayegundua kosa atakuwa amechelewa kabla hajafungua mdomo.

Bronek Kurzawa alikuwa mchoraji katika idara ya chasisi, Mpolandi wa Hamtramck, mji mdogo wa Wapolandi uliozungukwa na Detroit, mwenye miaka hamsini na mmoja na shingo nene iliyoinama kwa kukaa mezani robo karne. Nilipanga chumba cha juu nyumbani kwake kwa miaka sita, na mengi ya haya aliniambia jikoni huku akimenya viazi, maana hakuweza kuzungumza mikono ikiwa mitupu. Katika Linnet alipewa boriti mbili za mbele: mabati yaliyokunjwa yakawa kama mirija ya pembe nne, yakipita chini ya injini. Kwenye boriti ya kushoto ndipo lilipofungwa boksi la usukani. Boriti ikiwa nzima, gari linakwenda unakolipeleka.

Mkuu wa uzito aliitwa Whitcomb, mtoto wa wakulima wa Ohio, mrefu, mwenye mikono ya kukamulia ng'ombe. Alinunua mizani ya mchinja nyama akaiweka juu ya meza ya mikutano. Kila Jumatano asubuhi wachoraji walipanga foleni na vyuma vyao. Sheria ilikuwa moja: ukileta chuma, ondoka na chuma. Ukitaka kuongeza ratili, toa ratili yako mwenyewe, usiombe kwa jirani.

"Haya wachinjaji, leteni nyama," Whitcomb alisema Jumatano moja ya Machi 1970. "Bronek! Aliyenenepa ni wewe au gari?"

"Mimi nimenenepa kwa chakula cha mke wangu. Gari limenenepa kwa Arizona."

Huko Arizona, kwenye barabara za majaribio zenye matuta, matundu ya bolti za boksi la usukani yalikuwa yametanuka. Bronek alitaka kuweka bati nene kuzunguka matundu hayo. Akaliweka kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye ratili tatu.

"Na unaondoka na nini?"

Bronek alikuwa amekwisha kufikiri. Kila boriti ilikuwa na kinga yake, bati jepesi lililopinda nyuma ya gurudumu ili matope na ile chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji visirukie boriti na kuitia kutu. Kinga mbili, ratili moja na nusu kila moja. "Boriti zinachovywa kwenye rangi ya zinki ndani na nje," alisema. "Kinga ni koti juu ya koti."

"Mpolandi mwenye makoti mawili! Hii ni mara ya kwanza kumwona. Vua moja, rafiki yangu."

Watu wakacheka, Bronek naye akacheka. Alitia saini karatasi ya mabadiliko, akaondoka na bati lake nene. Alifurahi sana siku hiyo. Alikuwa amepata matundu yasiyotanuka, na hakumwomba mtu kitu.

Wiki tano baadaye watu wa rangi walipanga foleni ile ile. Kuchovya boriti kulikula dakika kumi na moja kwa kila gari, na rangi yenyewe ilikuwa na uzito wa ratili nne. Mkuu wao alikunjua mchoro, akaonyesha kwa kidole. Kinga zipo, alisema, chumvi haitazifikia boriti. Mchoro wake ulikuwa wa Januari. Nao wakavua koti lao, wakapongezwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila upande ulivua ukiamini mwenzake amevaa, na hakuna aliyedanganya.

Kungekuwa na wa kuwaumbua, angekuwa gari la majaribio namba saba. Hilo ndilo lililokaa wiki sita katika chumba cha mvuke wa chumvi, likatoka safi, na cheti chake kikabandikwa ukutani. Lakini namba saba lilijengwa kwa mkono majira ya baridi yaliyotangulia, kwa michoro ya zamani. Lilikuwa na kinga na lilikuwa na rangi. Bronek aliliona mwezi Juni, aliposhuka karakana kuchukua kipande cha mfano. Lilikuwa limeinuliwa juu ya nguzo, naye akasimama chini yake akifurahia jinsi lilivyo safi. Kisha akaziona kinga.

"Boriti hizi mmezichovya?" alimuuliza fundi wa rangi aliyekuwa akila mkate pembeni.

"Hizo ndiyo. Yatakayotoka kiwandani hapana. Si kuna kinga?"

"Kinga nilizitoa Machi."

Yule fundi alicheka. Halafu akaacha kutafuna.

Bronek alipanda ngazi hadi kwa Whitcomb bila kurudi mezani kwake. Alieleza kila kitu akiwa amesimama. Whitcomb alisikiliza akitazama dirishani.

"Gari limefaulu, Bronek. Cheti kiko ukutani."

"Lililofaulu si hili tunalouza."

"Kalibu zimeshachongwa. Zile za kinga zimeyeyushwa. Unataka nimwambie nani, mkurugenzi? Zimebaki wiki kumi."

"Rudisha rangi, basi."

"Ratili nne, na dakika kumi na moja. Umekuja na nini mkononi?" Whitcomb akageuka, na sauti yake ikawa ya upole, na huo upole ndio Bronek aliouchukia kwa maisha yake yote yaliyobaki. "Sikiliza. Ukiandika, nitapeleka juu, sitaficha. Lakini watauliza nani alizitoa kinga. Karatasi ina jina la nani? Una miaka mingapi hapa?"

"Ishirini na saba."

"Pensheni ni thelathini. Nenda kale chakula cha mchana."

Akaenda kula chakula cha mchana.

Linnet lilitoka Septemba. Magazeti yalilisifu kwa wepesi. Mtaani kwa Bronek yalinunuliwa kumi na moja, kwa sababu Hamtramck mtu hanunui gari kwa tangazo. Hununua kwa neno la jirani anayelitengeneza. Walimfuata baada ya misa, kofia mkononi. "Bronek, ni zuri?" Naye alisema ni jepesi. Alisema halinywi petroli. Yote mawili yalikuwa kweli.

Wa mwisho kuuliza hakuuliza. Halina alikuwa binti wa marehemu dada yake, aliyeingia nyumbani mwa Bronek na mkewe Gienia akiwa na miaka tisa na mfuko mmoja wa nguo, na hao wawili hawakujaliwa mtoto mwingine. Mwaka 1971 alikuwa anaolewa na kijana wa Buffalo. Alirudi siku moja akiendesha Linnet la manjano, akapiga honi mpaka Gienia akatoka na unga mikononi.

"Ungechukua kubwa kidogo," Bronek alisema. "Buffalo kuna theluji. Ningekuongezea mimi."

"Mjomba! Nimekwenda dukani nikawaambia, chini ya hili gari kuna mkono wa mjomba wangu. Yule muuzaji akanipa mazulia ya miguuni bure."

"Halina, sikiliza…"

"Huipendi rangi yake."

Alisema rangi ni nzuri. Akalizunguka gari, akapiga teke tairi moja moja kama wafanyavyo wanaume wasio na la kusema. Halina na mumewe, Roman Sadowy, wakalipeleka Buffalo, mji ambao manispaa yake humwaga chumvi barabarani kuanzia Novemba hadi Aprili.

Aprili 1972, Czesiek, tarishi aliyekaa nyumba ya tatu, alilalamika kwamba usukani wake unacheza. Bronek alilala chini ya gari na bisibisi. Aliigonga boriti, ikatoa sauti ya kopo. Aliisukuma bisibisi, ikaingia kama kisu kwenye jibini. Alibaki amelala pale muda mrefu, hadi Czesiek akaona viatu vyake havisogei.

"Umekufa huko, au unasali?"

"Lina kelele," Bronek alisema. "Nitalitengeneza."

Ndilo neno lililomjia, na akakaa nalo. Kuanzia wiki hiyo, kila Jumapili baada ya misa, alikata mabati bandani kwake kwa kipimo alichokijua kwa moyo, akachomelea viraka, akapaka boriti grisi ya moto, akafunga kinga kwa bolti nne nne. Alilala chali juu ya maboksi yaliyokunjuliwa kwenye lami yenye maji. Alipomaliza gari moja alikwenda la pili. Walimletea bia, walimletea soseji, walimwita mtakatifu Bronek wa Chini ya Gari. Wote aliwaambia ni za kupunguza kelele. Wengine walisema kweli, kelele zimepungua.

Gienia ndiye aliyemsimamia siku moja mlangoni pa banda. "Kelele gani hizi zinazotaka mabati kila Jumapili?"

Akamwambia. Mwanamke huyo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Yako mangapi?"

"Yaliyouzwa? Laki mbili na zaidi."

"Na wewe unatengeneza kumi na moja."

"Imebaki miezi kumi na mitatu, Gienia. Nikisema sasa watanifukuza, na hawatabadilisha kitu. Nikipata pensheni nitasema."

"Na Halina?"

"La Halina nakwenda kulifungia kinga mwenyewe."

Hakwenda. Kiangazi hicho idara yake ilifanya kazi hadi Jumamosi, wakichora gari la kurithi Linnet. Oktoba alizituma kinga kwa posta, zimefungwa kwa magazeti, na bolti nane katika soksi. Barua iliyofuatana nazo aliiandika mara tano. Mara nne za kwanza aliandika ukweli, akazichoma kwenye jiko, maana barua hukaa, na barua inaweza kusomwa na yeyote. Mara ya tano aliandika kwamba ni za kupunguza kelele, na kwamba Roman afunge kabla ya baridi. Chini ya "kabla ya baridi" alipiga mstari.

Halina alipiga simu. "Mjomba, asante kwa mabati. Roman anasema kelele zetu tunazizima kwa redio."

"Afunge, Halina. Mwambie nimesema afunge."

"Anasema unadhani hajui kushika spana."

Krismasi ya 1972 Bronek na Gienia walikwenda Buffalo. Nyuma ya gari lao aliweka jeki, maboksi na nguo za kazi. Walifika mkesha, saa za mchana, theluji ikiwa magotini. Linnet la manjano lilikuwa uani. Kinga alizikuta chumba cha chini, juu ya rafu, bado zimefungwa magazeti. Alipanda nazo kifuani.

Roman alifanya kazi kwenye kiwanda cha unga, kijana mwenye mabega mapana na heshima nyingi, na heshima zake zilikuwa ukuta. Alimkuta Bronek amekwisha vaa nguo za kazi, akamnyang'anya jeki polepole, kama mtu anayempokea mzee mzigo.

"Baba, leo ni mkesha."

"Ni saa moja tu. Nafunga, naoga, nakaa mezani."

"Mgeni akiingia nyumbani, Mungu ameingia nyumbani. Sasa majirani wamwone Mungu miguu nje chini ya gari langu, mimi niko ndani nakula? Watasema Roman Sadowy kaoa ili apate fundi."

"Kesho, basi."

"Kesho Krismasi. Keshokutwa sikukuu ya Mtakatifu Stefano. Jumamosi nitafunga mwenyewe, naapa."

"Roman, ni lazima zifungwe."

"Kwa kelele?" Roman alitabasamu. "Masikio yako, baba, ndiyo yanayotaka kufungwa."

Halina alicheka kutoka jikoni. Gienia alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya samaki. Alimtazama mumewe, na Bronek aliniambia kwamba macho yale yalisema wazi kuliko kinywa: sasa, sema sasa. Ilikuwa imebaki miezi mitano kufika pensheni. Angelisema neno, lingetoka pale mezani likaenda kwa kaka yake Roman, aliyekuwa fundi katika duka la Pomeroy mjini hapo, na kutoka dukani lingefika Detroit kabla yake. Hayo aliyafikiri, kwa utulivu, kama anayepima bati.

Akavua nguo za kazi.

Walikaa mezani nyota ya kwanza ilipoonekana, kwa desturi ya Kipolandi, nyasi kavu chini ya kitambaa, sahani moja ya ziada kwa mpita njia. Walivunjiana ule mkate mwembamba wa mkesha. Kila mmoja alikata kipande mkononi mwa mwenzake na kumtakia jambo. Roman alimtakia Bronek pensheni. Halina alimtakia aishi amwone mjukuu, na wanawake wakatazamana, na Bronek akaelewa. Zamu yake ilipofika alikata kwenye mkate wa Halina kipande kidogo mno, kikaanguka.

"Nakutakia uende salama," alisema.

"Niende wapi? Nipo."

Mimba ile haikukaa, iliharibika Februari, na katika huzuni hiyo Jumamosi za Roman zikapita na hakuna aliyezikumbusha. Bronek alikumbusha kwa simu mara mbili. Mara ya pili Roman alisema, bila tabasamu la kusikika, kwamba nyumba hii kwa sasa haina shida ya kelele.

Mei 1973 Bronek alipewa pensheni, na saa ya mezani yenye jina lake. Sababu iliisha siku hiyo. Na bado hakusema. Nilimuuliza kwa nini, akamenya kiazi kizima kabla ya kujibu. Alisema mtu akibeba kitu miaka mitatu mkono huganda na umbo lake. Alisema pia kwamba wakati huo angelazimika kueleza si kinga tu, bali Krismasi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini si lazima kiwe kifo chake.

Februari 1974, saa moja asubuhi, Halina alikuwa akienda kazini kwenye ofisi ya simu, kwa barabara inayopita kando ya ziwa. Gari liliacha njia penye kona ndogo, kona ambayo mtu huipinda kwa vidole viwili, likaingia chini ya lori la makaa. Dereva wa lori alisema alimwona akiuzungusha usukani, mkono juu ya mkono, na magurudumu hayamsikii. Polisi waliandika kwamba alisinzia.

Roman alipiga simu Detroit. "Wanasema alilala. Halina hajalala akiendesha, baba. Huyo hata kanisani hakulala. Kwa nini wanaandika hivyo?"

Bronek alifika Buffalo peke yake. Gienia alikataa kupanda naye gari moja, akaja kwa basi. Kabla ya kwenda nyumbani kwa Roman alipitia uwanja wanakoweka magari ya ajali. Alimpa mlinzi sigara, akapiga magoti kwenye theluji. Boriti ya kushoto haikuwepo. Kulikuwa na kingo za kahawia zilizomomonyoka kama mkate, na boksi la usukani lilining'inia kwenye bati lake nene. Matundu ya bolti hayakuwa yametanuka hata kidogo.

Alikaa pale. Angeweza kuondoka. Karatasi ya polisi ilisema usingizi, na kutu haina kinywa. Na kulikuwa na jambo jingine. Akimwambia Roman ukweli atamwambia pia kwamba Jumamosi moja ya kazi, bolti nane, zingetosha. Alijaribu kulifanya hilo kuwa huruma, alijaribu kwa bidii, aliniambia. Lilikataa.

Roman alikuwa jikoni, ndevu za siku mbili, na mama zake wadogo wawili wakisonga unga wa chakula cha msiba. Bronek aliomba wawapishe.

"Hakulala," alisema. "Boriti ilikatika kwa kutu. Boksi la usukani lilibaki hewani. Nimeliona."

Roman alimtazama kama anayesikiliza redio ya mbali.

"Zile kinga zilikuwa za hilo. Si za kelele. Mimi ndiye niliyezitoa kwenye gari, nikagundua kabla halijatoka, nikanyamaza."

"Zile zilizo chini, rafuni?"

"Hizo."

"Ulijua. Ulipokaa hapa mezani ulijua."

"Nilijua."

"Ulivunja mkate wake ukijua."

"Ndiyo."

Roman alisimama, akakaa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa hiyo nami nilimuua. Jumamosi moja tu."

"Hapana. Wewe hukuambiwa."

"Ungesema neno moja ningelala chini ya gari usiku huo huo! Mkesha, Krismasi, Papa awe mezani, ningelala!"

"Najua, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Alifungua droo, akatoa daftari la Halina la mapishi, akachana karatasi nyuma, akaweka na kalamu mbele ya Bronek.

"Andika. Na usiandike kelele."

Bronek aliandika hadi vyakula vya msiba vilipoiva. Aliandika Jumatano ile, ratili tatu, rangi, gari namba saba, Whitcomb, pensheni, yale magari kumi na moja ya mtaani. Roman alisoma ukurasa mmoja mmoja ukiwa bado na wino mbichi. Mahali pamoja Bronek aliandika "tulinyamaza," Roman akaigonga kwa kidole, na Bronek akaikata akaandika "nilinyamaza." Kwenye mazishi Bronek alisimama upande wa pili wa kaburi. Barua ilikwenda Washington, ofisi ya usalama wa barabara, pamoja na nakala ya karatasi ya mabadiliko. Polisi waliirekebisha ripoti yao mwezi Juni. Roman hakumwandikia tena.

Pomeroy ililazimika kuyaita magari yarudi kutengenezwa mwaka uliofuata, katika majimbo yenye theluji tu. Theluthi moja hivi ndiyo yaliyorudi. Mengine yalikuwa yameshauzwa mkono wa tatu, wa nne, kwa watu wasiopokea barua za kampuni. Linnet lilifutwa mwaka 1977. Whitcomb alikuwa Florida wakati huo, akivua samaki. Mtaani, habari zilipoenea, Czesiek alikuja na chupa ya bia akaiweka juu ya ngazi bila kugonga mlango, na baada ya hapo hakusimama tena kuzungumza. Wengine hawakuja kabisa. Mwanamke wa nyumba ya mwisho, ambaye dada yake alikuwa na Linnet mtaa wa pili, alimtemea mate mbele ya kanisa. Gienia aliishi naye hadi mwisho na alimpikia.

Bronek akawa mtu wa kutembea. Kila Linnet aliloliona limeegeshwa alipiga magoti kando yake, akatazama chini ya gurudumu la mbele, akaigonga boriti kwa funguo. Alifukuzwa kama mwizi, mara mbili aliitiwa polisi. Nilikuwa naye alasiri moja ya Desemba, mwaka 1979, nje ya duka la vyakula kwenye barabara ya Joseph Campau. Lilikuwa la kijani, limepauka, na kiti cha mtoto nyuma. Bado yuko magotini, mwenye gari akatoka na mifuko miwili ya karatasi, msichana wa miaka ishirini na kitu, koti la hospitali chini ya koti la baridi.

"Babu, unatafuta nini chini ya gari langu?"

"Boriti imekwisha kutu," Bronek alisema akiinuka kwa kujishika mlango. "Usukani utakatika. Si leo, labda kesho. Usiliendeshe, binti yangu."

"Wewe fundi?"

"Mimi ndiye niliyelichora."

Alimtazama juu hadi chini, kisha akanitazama mimi, kama anayeuliza huyu mzee ni wa nani. "Fundi anataka ngapi kulitengeneza?"

"Halitengenezeki tena. Pa kuchomelea hapapo."

Msichana aliweka mifuko kwenye kiti cha mbele, akapangusa theluji kwenye kioo kwa mkono wa koti. Alifikiri kwa muda, niliona kwamba anafikiri kweli.

"Naingia zamu saa kumi," alisema. "Na mtoto yuko kwa mama, ng'ambo ya mji. Gari jingine sina, babu."

Aliwasha injini. Bronek alikuwa bado ameushika mlango. Msichana alingoja, hakumfokea, mpaka mzee akaachia na kusogea nyuma kumpisha njia.